Upepo wa usoni haurudishi chenji

Na Mwandishi Maalumu, Ngagara

MARUBANI wawili walikutana wakingoja mvua ipite. Mmoja alikuwa wa ndege kubwa ya abiria, mwingine wa kijindege cha mizigo chenye injini moja. Wa ndege kubwa akauliza: "Vipi upepo huko ulikotoka?" Wa kijindege akajibu: "Si mbaya. Nilifukuzana na lori la mchanga mpaka mlimani, likanishinda kwenye kona ya mwisho."

Utani wa namna hii unapatikana popote marubani wanapokaa. Hapa Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, tunausikia kwa sababu uwanja wa ndege hauko mbali nasi, na baadhi ya wazee wa mtaa huu walifanya kazi huko enzi za Air Burundi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1971 kwa jina jingine, likaitwa Air Burundi kuanzia mwaka 1975, na likaacha kuruka mwaka 2009.

Aliyenisimulia utani huo ni mzee jirani yangu, fundi wa ndege mstaafu. Yeye alicheka, mimi nikachukua kalamu, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha hesabu. Ndani ya kichekesho hicho mna hesabu ambayo mfanyabiashara wa Kobero, wa Mugina na wa Gatumba anaifanya kila wiki bila kuijua, na mara nyingi inamla.

Ndugu msomaji, nifuate taratibu. Tutaanzia angani, tutatua sokoni.

Mafundo, futi na maili

Rubani hahesabu mwendo kwa kilomita kwa saa kama dereva wa basi. Anahesabu kwa mafundo. Waingereza na Wafaransa nao, kila mmoja kwa lugha yake, wanatumia neno lile lile la fundo la kamba.

Asili yake ni majini. Zamani mabaharia wa Ulaya walitupa nyuma ya chombo kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo ya nafasi sawa. Chombo kikienda, kamba inafunguka, na baharia anahesabu mafundo yanayompita mkononi mpaka mchanga wa kichupa uishe, muda wa kama sekunde 28. Yakipita mafundo matano, basi chombo kinakwenda mwendo wa mafundo matano.

Siku hizi fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Maili hiyo ni mita 1,852 kamili, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco mwaka 1929. Kwa hiyo ndege inayokwenda mafundo 100 inakwenda kilomita 185 kwa saa.

Kimo nacho hupimwa kwa futi, na futi moja ni sentimita 30.48. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, uko mita 787 juu ya usawa wa bahari. Kwenye karatasi ya rubani utakuta umeandikwa futi 2,582.

Lakini njia ya kurukia ya uwanja huo huo inapimwa kwa mita, nayo ina mita 3,600. Mafuta yanauzwa kwa lita, ila rubani anataka kujua uzito wake kwa kilo au ratili. Safari ni ya maili za baharini, mizigo ni ya kilo, na saa ni ya nchi nyingine kabisa, kama tutakavyoona mbele.

Mchanganyiko huu una historia. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio uliozaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Shirika hilo linapendekeza mita na kilomita, lakini limeruhusu futi na mafundo yaendelee kutumika, wala halijaweka tarehe ya kuyaondoa. Waliotangulia kuzitawala anga walikuja na vipimo vyao, na mazoea yana taabu.

Ndiyo maana marubani na wahandisi wanapenda kutaniana kwa vipimo vya ajabu. Kuna kimoja kinachojulikana sana miongoni mwao: wanachukua kipimo cha zamani cha mashamba ya Uingereza, chenye urefu wa kama mita 201, wanakigawa kwa wiki mbili, kisha wanasema huo ndio mwendo. Ukikokotoa, mwendo huo ni kama sentimita moja kwa dakika. Konokono anaupita.

Wanafunzi wangu niliwapa cha kwetu: shibiri kwa mwezi wa Ramadhani. Shibiri ni kama sentimita 23, na mwezi tuufanye siku 30. Fundo moja likawa shibiri milioni 5.8 kwa Ramadhani. Kijindege cha mizigo cha mafundo 180 kikawa na zaidi ya shibiri bilioni moja. Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyesahau tena kwamba namba haina maana mpaka utaje ni ya kitu gani na kwa muda gani.

Mwendo wa hewani na mwendo wa ardhini

Sasa turudi kwenye lile lori la mchanga. Ndege ina miendo miwili. Wa kwanza ni mwendo wake ndani ya hewa, ambao ndio unaoibeba. Wa pili ni mwendo wake juu ya ardhi, ambao ndio unaokufikisha nyumbani.

Hewa ikitulia, miendo hiyo ni sawa. Upepo ukivuma, inaachana. Ndege ikienda mafundo 100 hewani huku upepo wa mafundo 40 unaipiga usoni, juu ya ardhi inakwenda mafundo 60 tu, yaani kilomita 111 kwa saa. Injini inanguruma vile vile, mafuta yanaungua vile vile, ila pikipiki iliyo barabarani inakaribia kukupita.

Watu wa pwani walikuwa na maneno ya jambo hili kabla ndege hazijabuniwa. Upepo unaotoka mbele ni wa omo, unaotoka nyuma ni wa tezi, na kuukabili upepo ni kwenda mbisho. Manahodha wa majahazi walijua gharama ya mbisho, ndiyo sababu walisubiri. Walikuja na kaskazi kutoka Arabuni, wakauza na kununua, wakarudi na kusi. Faida yao ilikuwa katika subira.

Marubani hawana muda wa kungoja msimu, kwa hiyo wanatania. Kuna ndege ya Kirusi, Antonov An-2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947. Ina mabawa manne, mawili kila upande, na inaweza kukaa hewani kwa mwendo mdogo kiasi kwamba upepo ukiwa mkali inaonekana kurudi nyuma huku pua yake ikitazama mbele. Haidondoki. Hewani inasonga, ardhini inarudi kinyumenyume.

Upande wa pili wa utani kuna Concorde, iliyostaafishwa mwaka 2003. Ilikwenda mara mbili ya kasi ya sauti, zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa. Kutoka London hadi New York ilichukua kama saa tatu na nusu, na New York iko nyuma ya London kwa saa tano. Abiria alikuwa anafika mapema kuliko alivyoondoka, kwa mujibu wa saa za ukutani.

Na kuna kisa cha rubani Mmarekani Brian Shul, aliyefariki mwaka 2023. Yeye aliendesha SR-71, ndege ya upelelezi ya Jeshi la Anga la Marekani. Alisimulia kwamba siku moja juu ya California rubani wa Cessna aliuliza mnara wa kuongozea ndege mwendo wake wa ardhini. Akajibiwa mafundo 90. Mwingine wa ndege kubwa kidogo akauliza, akapewa 125. Rubani wa ndege ya kivita naye akauliza kwa madaha, akapewa 620. Ndipo mwenzake Shul, aliyeketi kiti cha nyuma, akaomba wake kwa sauti ya upole. Jibu lilikuwa mafundo 1,842, yaani kilomita 3,400 kwa saa. Redio ikanyamaza.

Watu hucheka kwa sababu ya majigambo. Mimi nililoshika ni kwamba wote, wa Cessna na wa SR-71, waliuliza swali moja. Hawakuuliza injini zao zina nguvu gani. Waliuliza wanakwenda kasi gani juu ya ardhi.

Dakika kumi zimekwenda wapi?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu, na chungu kwa mfanyabiashara.

Tuseme ndege inakwenda kilomita 500 kwa saa, na safari ni ya kilomita 1,000. Hakuna upepo. Kwenda ni saa mbili, kurudi ni saa mbili, jumla saa nne.

Sasa tuweke upepo wa kilomita 100 kwa saa, usoni wakati wa kwenda na mgongoni wakati wa kurudi. Niliwauliza watu kadhaa wa hapa mtaani, wakiwamo wasomi, na wengi walijibu haraka: ulichopoteza kwenda utakipata kurudi, kwa hiyo ni saa nne zile zile.

Haiko hivyo. Kwenda, ndege ina kilomita 400 kwa saa, inachukua saa mbili na nusu. Kurudi, ina kilomita 600 kwa saa, inachukua saa moja na dakika 40. Jumla ni saa nne na dakika kumi. Upepo ulikunyang'anya dakika 30, ukakurudishia 20.

Upepo ukiwa wa kilomita 250, kwenda ni saa nne na kurudi ni saa moja na dakika 20. Jumla saa tano na dakika 20. Ukiwa wa kilomita 500, hesabu ya kurudi haina kazi, kwa kuwa hutafika kamwe. Utabaki umening'inia juu ya mji uliotoka mpaka mafuta yaishe.

Sababu ni nyepesi. Upepo mbaya unakuchelewesha, na kwa kuwa unakuchelewesha unakaa ndani yake muda mrefu zaidi. Upepo mzuri unakuharakisha, kwa hiyo unautumia muda mfupi. Upepo wa usoni haurudishi chenji yote.

Lori linalopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama likiwa na mzigo linafuata sheria hiyo hiyo. Likienda kilomita 30 kwa saa na kurudi tupu kwa kilomita 60, usiseme wastani wake ni 45. Chukua kilomita 120: kwenda saa nne, kurudi saa mbili. Kilomita 240 kwa saa sita ni 40 kwa saa. Anayepanga safari na mafuta kwa 45 atachelewa kila siku na hatajua sababu.

Fedha nazo ni vivyo hivyo. Bei ya bidhaa ikishuka kwa asilimia 20, kisha ikapanda kwa asilimia 20, wengi hudhani imerudi ilipokuwa. Anza na 100. Ikishuka inakuwa 80. Asilimia 20 ya 80 ni 16, kwa hiyo inapanda mpaka 96. Nne zimepotea.

Mbadilisha fedha wa mpakani ni upepo unaovuma usoni pande zote mbili. Tuseme anabakiza asilimia tano kila unapobadilisha. Ukitoka hapa na faranga milioni moja na kubadilisha ziwe shilingi, umebaki na thamani ya 950,000. Ukirudi bila kununua hata kilo ya ndagala na kubadilisha tena, una 902,500. Asilimia karibu kumi imekwenda na hujafanya biashara yoyote. Mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Cotebu aliniambia: "Mwalimu, mimi nilidhani ninaibiwa. Kumbe ninasafiri sana." Sasa hubadilisha mara chache na kwa kiasi kikubwa, na shilingi anazopata ng'ambo huzinunulia mali huko huko kabla ya kurudi.

Upepo huo huo ndio unaoinua

Hata hivyo, nisiutukane sana upepo wa usoni. Mzee jirani yangu alinikumbusha jambo ambalo wengi hawalijui: ndege huruka na kutua ikiukabili upepo.

Bawa halijali ardhi, linajali hewa inayolipita. Ikiwa ndege inahitaji mwendo wa hewani wa mafundo 120 ili inyanyuke, na upepo wa mafundo 20 unaipiga usoni, itanyanyuka ikiwa na mafundo 100 tu juu ya lami. Inatumia njia fupi zaidi. Upepo ukitoka mgongoni, itahitaji 140, na lami inaweza kumalizika kabla ya ndege kunyanyuka.

Hapa Bujumbura njia ya kurukia imelala karibu kaskazini kwa kusini. Mwisho wake mmoja unaitwa 17, mwingine 35, yaani nyuzi 170 na 350 za dira. Mwongoza ndege huchagua upande kwa kuangalia upepo. Kwa hiyo ukiona leo ndege inatua ikitokea ziwani na jana ilitokea upande wa Rusizi, usidhani rubani amepotea njia.

Lita, kilo na ratili

Mpaka hapa tumecheka. Lakini kipimo kisichotajwa kinaweza kuua.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Kanada ilikuwa katika kuhama kutoka ratili kwenda kilo, na hizo 767 ndizo zilikuwa za kwanza katika shirika hilo kupimwa kwa kilo. Vipima mafuta vya ndege hiyo vilikuwa vimeharibika, hivyo mafuta yakapimwa kwa kijiti na hesabu ikafanywa kwa mkono.

Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndani ya matangi kulikuwa na lita 7,682. Ili kujua kilo, ulitakiwa kuzidisha lita kwa 0.8, maana lita ya mafuta ya ndege ina uzito wa kama gramu 800. Wao wakazidisha kwa 1.77, kizidishio walichokizoea. Lakini 1.77 ilikuwa ya kupata ratili.

Basi wakapata 13,597, wakadhani ni kilo, kumbe ni ratili. Wakaona wanapungukiwa kilo 8,703, wakaongeza lita kama 4,900. Hesabu sahihi ingewataka waongeze lita 20,000. Ndege ikapaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, na kila mtu aliyeangalia karatasi aliona namba iliyotimia: 22,300.

Wakiwa futi 41,000, kama kilomita 12 na nusu juu, injini moja ilizimika, kisha ya pili. Vioo vya vipimo mbele ya marubani vikawa vyeusi. Kilichowabakizia nguvu kidogo ya kuongozea ndege ni kipangaboi kidogo kinachojitokeza chini ya ndege na kuzungushwa na upepo. Upepo wa usoni tena, na safari hii ulikuwa rafiki.

Nahodha Robert Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini. Yeye na msaidizi wake Maurice Quintal waliitelezesha Boeing hiyo mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi la anga uliokuwa umegeuzwa mahali pa mashindano ya magari. Siku hiyo kulikuwa na mashindano na familia za watu zilikuwapo. Gurudumu la mbele lilikunjika, pua ikasuguana na lami, na ndege ikasimama. Watu 69 waliokuwamo walitoka wazima, wachache wakiwa na majeraha madogo.

Miaka 16 baadaye, Septemba 1999, chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea kilipofika huko. Kundi moja la wahandisi lilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya ratili, kundi jingine likazisoma kana kwamba ni vya mita na kilo. Wote walikuwa na shahada zao. Hakuna aliyeuliza: hizi namba ni za nini?

Debe la wapi, saa ya wapi?

Sasa tutue. Ukitoka Ngagara kwenda Kigoma au Kasulu kununua mali, unavuka mpaka wa vipimo kabla ya kuvuka mpaka wa nchi.

Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki inayoitwa debe leo ni ya lita 20. Tofauti ni lita mbili hivi, si kitu. Lakini ukinunua kwa ndoo ya lita 20 na kuuziwa kwa bati la lita 18, katika madebe kumi debe zima limepotea. Galoni nazo ziko mbili, ya Kiingereza lita 4.546 na ya Kimarekani lita 3.785. Na gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, halina kipimo isipokuwa mgongo wa mchukuzi.

Saa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Burundi, pamoja na Rwanda na mashariki ya Kongo, iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Juu ya hilo, Kiswahili na Kirundi tunahesabu kuanzia macheo, wakati ofisi zinaandika saa za Kifaransa au Kiingereza. Marubani wao wamekimbia ugomvi huo wote kwa kutumia saa moja ya dunia nzima, wanayoiita Zulu.

Chukua dakika moja tu, jua likiwa utosini Bujumbura. Kwetu ni saa sita mchana. Kigoma ni saa saba. Kwenye tiketi ya hapa ni 12:00, ya kule ni 13:00, na rubani aliye juu yetu anaandika 10:00. Dakika moja, majina matano. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa huu aliambiwa kwa simu mzigo wake wa ndagala utapakiwa "saa tatu". Alifika saa tatu ya Bujumbura. Kule ilikuwa saa nne, lori limekwishaondoka, na ndagala hazikungoja.

Kwetu sisi tuliorudi, kipimo kigumu zaidi hakikuwa cha debe wala saa. Kilikuwa cha shule. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, nimesoma Tanzania katika makazi ya Katumba, kwa Kiswahili na baadaye Kiingereza. Maelfu yetu tulirejea mwaka 2008 na 2009. Watoto walikuja na vyeti vya darasa la saba katika nchi ambayo shule yake ya msingi wakati ule iliishia darasa la sita, na masomo ya sekondari yalikuwa kwa Kifaransa.

Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wenzake wote. Shule moja ilimrudisha nyuma madarasa mawili kwa sababu hakujua Kifaransa. Mwendo wake wa hewani haukupungua hata fundo moja. Kilichopungua ni mwendo wake wa ardhini, na ofisi zinaandika huo wa ardhini tu.

Upepo uligeuka baadaye. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza vikaingia mashuleni, na vijana waliochekwa kwa lafudhi ya Kigoma wakaanza kutafutwa na wenye biashara za kuvuka mpaka. Kijana yule leo anaandaa karatasi za forodha kwa lugha nne, na anaishi vizuri. Lakini msomaji umeshaijua hesabu yake. Miaka miwili aliyopoteza kwenda, upepo wa kurudi haujamrudishia yote.

Kwa hiyo ninapoona mtoto mpya ameletwa darasani kutoka ng'ambo, siulizi kwanza yuko darasa la ngapi. Nauliza: la wapi, na kwa lugha gani? Ni swali lile lile ambalo lingeokoa mafuta ya Montreal.

Marubani wana desturi moja ambayo haina utani hata kidogo. Mnara ukiwapa agizo la kimo, la njia ya kurukia au la upande wa kuelekea, hawajibu "sawa" na kunyamaza. Wanarudia agizo lote kwa sauti, na mnara unasikiliza kama limerudiwa sawasawa. Kama sivyo, linasahihishwa hapo hapo.

Desturi hiyo haihitaji ndege wala mtambo. Ukikubaliana bei kwenye simu na mtu wa ng'ambo, usimjibu "sawa". Mrudizie: elfu kumi, shilingi za Tanzania, kwa debe la lita ishirini, tunapakia saa tatu asubuhi ya Kigoma, ambayo ni saa mbili ya Bujumbura. Itakugharimu sekunde kumi na vocha kidogo.